Biashara Ikibadili Mmiliki: Mwongozo Kamili wa Kurekebisha Taarifa Zake kwenye Ramani za Mtandaoni

Mauziano ya biashara hukamilika siku fedha zinapolipwa na mkataba unaposainiwa, lakini ramani za mtandaoni hazina habari na mkataba huo. Mgeni anayeshuka kwenye basi pale stendi ya Moshi saa nne usiku, akafungua simu kutafuta pa kulala, ataiona nyumba ya wageni uliyoinunua ikiwa na namba ya simu ya mmiliki aliyekwisha kuondoka, picha za vyumba kabla havijakarabatiwa, na pengine maandishi mekundu yanayosema kwamba imefungwa kabisa. Akipiga simu ataambiwa, "Mimi nilishauza," naye atatafuta nyumba nyingine. Hutajua kamwe kwamba mgeni huyo alikuwapo.

Mwongozo huu unafuata mfano wa nyumba ya wageni kwa sababu biashara ya aina hiyo hutegemea sana watu wasioujua mji, lakini hatua zake ni zilezile kwa duka la dawa, saluni, gereji au mgahawa. Sehemu kubwa inahusu Ramani za Google, kwa kuwa ndizo zinazotumiwa na wateja wengi, kisha tutaangalia OpenStreetMap na nyinginezo.

Amua kwanza: ni biashara ileile au ni nyingine?

Usiguse chochote kabla ya kujibu swali hili, maana jibu lake ndilo linaloamua njia utakayofuata. Ikiwa umenunua nyumba ya wageni na utaendelea kuiendesha kama nyumba ya wageni mahali palepale, hiyo ni biashara ileile iliyopata mmiliki mpya, hata kama umebadilisha jina na rangi ya kuta. Chukua wasifu uliopo, yaani ukurasa wa biashara hiyo kwenye ramani, na kuurekebisha. Ikiwa umenunua jengo la nyumba ya wageni ukaligeuza kuwa zahanati, hiyo ni biashara nyingine kabisa: wasifu wa zamani unapaswa kuwekewa alama ya kufungwa kabisa, na zahanati ifunguliwe wasifu wake yenyewe.

Wamiliki wengi wapya hukosea kwa kufungua wasifu mpya huku wa zamani ukiwa bado hai, wakidhani kwamba kwa njia hiyo wanaanza ukurasa safi. Kinachotokea ni kwamba ramani inakuwa na vituo viwili juu ya paa moja, kimoja kikiwa na maoni mengi na namba isiyofanya kazi, kingine kikiwa na namba sahihi lakini bila maoni hata moja. Wateja huenda kwenye kile chenye maoni. Isitoshe, Google huruhusu wasifu mmoja tu kwa biashara moja mahali pamoja, na ule uliorudufiwa unaweza kuondolewa bila wewe kuulizwa.

Kuna jambo moja la kupima kwa uaminifu hapa, nalo ni maoni ya wateja. Ukichukua wasifu wa zamani, unachukua na maoni yake yote, mazuri na mabaya. Maoni hayafutwi kwa sababu tu mmiliki amebadilika. Hata hivyo, ninaamini kwamba katika hali nyingi ni afadhali kurithi wasifu wenye historia kuliko kuanza na ukurasa mtupu, mradi ujibu maoni mabaya ya zamani kwa adabu na kueleza kilichobadilika.

Kabla ya kusaini mkataba

Wasifu wa ramani ni sehemu ya mali ya biashara kama zilivyo funguo za milango, na mahali pake ni ndani ya mkataba wa mauziano. Ni rahisi sana kupata ushirikiano wa muuzaji kabla hajapokea fedha zake zote. Kinachotakiwa ni kifungu kifupi, kwa mfano: "Muuzaji atamkabidhi mnunuzi umiliki mkuu wa wasifu wa biashara kwenye Ramani za Google, pamoja na ukurasa wa Facebook na akaunti nyingine zote zinazobeba jina la biashara, ndani ya siku saba tangu kusainiwa kwa mkataba huu, na ataendelea kupatikana kwa simu kwa siku thelathini ili kukamilisha makabidhiano hayo." Mkiweza kukubaliana kwamba sehemu ndogo ya bei ilipwe baada ya makabidhiano hayo, ni bora zaidi.

Muulize pia muuzaji ni nani hasa aliyefungua wasifu huo. Mara nyingi si yeye mwenyewe. Ni mpwa wake anayejua kompyuta, au mfanyakazi wa mapokezi aliyeacha kazi, au kijana aliyelipwa fedha kidogo kuiweka biashara kwenye ramani akatumia barua pepe yake binafsi. Jibu la swali hilo likipatikana mapema, linakuokoa na usumbufu wa kuomba umiliki kwa mtu usiyemjua.

Usiombe nenosiri la akaunti ya Google ya muuzaji, wala usikubali kupewa. Akaunti hiyo huenda ina picha za familia yake, barua zake na majina ya watu wake, na yeye anaweza kuirudisha mikononi mwake wakati wowote kwa kutumia namba yake ya simu. Umiliki wa wasifu huhamishwa kutoka akaunti moja kwenda nyingine bila mtu kutoa siri zake.

Muuzaji akiwapo: kuhamisha umiliki wa wasifu wa Google

Anza kwa kufungua akaunti mpya ya Google kwa ajili ya biashara, iliyounganishwa na namba yako ya simu na yenye uthibitishaji wa hatua mbili. Usitumie akaunti ya mhasibu wala ya kijana wa mapokezi, kwa sababu siku akiondoka utajikuta pale pale alipojikuta muuzaji wako.

Kisha muuzaji aingie kwenye akaunti yake, autafute wasifu wa biashara, afungue mipangilio na aende kwenye sehemu ya watu na ufikiaji. Hapo ataandika barua pepe yako na kukupa nafasi ya mmiliki. Zingatia kwamba zipo nafasi tatu: meneja, mmiliki, na mmiliki mkuu. Meneja anaweza kurekebisha taarifa lakini hawezi kuongeza wala kuondoa watu. Wamiliki wanaweza kuwa wengi, lakini mmiliki mkuu ni mmoja tu, naye hawezi kujiondoa kabla ya kumpa mwingine nafasi hiyo. Utapokea mwaliko kwenye barua pepe, na ukishaukubali utaanza kuuona wasifu ukiwa ndani ya akaunti yako.

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Google humtaka mmiliki mpya asubiri siku 7 tangu alipokubali mwaliko kabla ya kuweza kuwaondoa watu wengine, kuufuta wasifu au kupokea umiliki mkuu. Ukijaribu kabla ya muda huo utapata ujumbe wa kukataliwa, na wengi hudhani kwamba muuzaji amewachezea. Sivyo. Ni kinga dhidi ya wizi wa wasifu. Kwa hiyo muuzaji asijiondoe siku ya kwanza. Wiki ikishapita, muuzaji abadilishe nafasi yako iwe ya mmiliki mkuu, halafu umwondoe muuzaji pamoja na kila mtu mwingine usiyemfahamu kwenye orodha hiyo. Isome orodha nzima bila haraka, maana mara nyingine hukutwa humo mameneja waliosahaulika miaka mingi.

Muuzaji asipopatikana: kuomba umiliki

Ikiwa muuzaji amehama, amefariki, au hajui nani aliufungua wasifu, utaomba umiliki kwa Google moja kwa moja. Ingia kwenye akaunti mpya ya biashara, nenda kwenye ukurasa wa Wasifu wa Biashara, tafuta jina la biashara kama linavyoonekana kwenye ramani na ulichague. Kama hakuna aliyewahi kuudai wasifu huo, utaruhusiwa kuudai na kuendelea na uthibitisho. Kama wasifu tayari una mwenyewe, utaoneshwa herufi chache za barua pepe yake, na herufi hizo pekee wakati mwingine zinatosha kukujulisha kwamba ni yule mpwa wa muuzaji. Mpigie kwanza. Simu ya dakika mbili inaweza kumaliza kazi ya wiki mbili.

Ikishindikana, tuma ombi la kupewa ufikiaji ukieleza kwamba wewe ndiye mmiliki wa sasa. Anayeushikilia wasifu hupewa siku 3 za kujibu. Akikubali, utapata taarifa kwenye barua pepe. Akikataa, unaweza kukata rufaa. Akinyamaza hadi muda upite, unaweza kupewa nafasi ya kuudai wasifu kwa kuthibitisha kwamba biashara ni yako. Ihifadhi barua pepe ya uthibitisho wa ombi, kwa sababu kiungo cha kufuatilia hali ya ombi kimo ndani yake.

Uthibitisho kwa njia ya video

Google ndiyo inayochagua namna ya kukuthibitisha, si wewe. Inaweza kuwa simu, ujumbe mfupi, barua pepe, kadi ya posta au video. Kadi ya posta hubeba tarakimu za siri na ni njia ngumu kwetu, kwa sababu biashara nyingi hupokea barua kwenye sanduku la posta lililo mbali na mlango wake. Siku hizi wengi huombwa video, na ni vyema kujiandaa nayo kabla hujaombwa.

Video hiyo hurekodiwa kwa simu moja kwa moja bila kukatwa wala kuhaririwa, na inapaswa kuonesha mambo matatu. La kwanza ni mahali: anzia barabarani, uoneshe kibao cha mtaa au namba ya nyumba iliyowekwa na mradi wa anwani za makazi, pamoja na majengo ya jirani ambayo mtu anaweza kuyatambua kwenye ramani. La pili ni biashara yenyewe: bango lenye jina, kaunta ya mapokezi, vyumba, vifaa vya kazi. La tatu ni kwamba wewe ndiye mwenye mamlaka: fungua kwa ufunguo mlango ambao mgeni hawezi kuufungua, ingia stoo, onesha mashine ya risiti au leseni ya biashara iliyotundikwa ukutani. Nusu dakika ni kima cha chini, lakini dakika moja au mbili za mwendo wa taratibu zinafaa zaidi. Usirekodi nyuso za wageni, namba za akaunti ya benki wala kitambulisho chako.

Kutokana na hayo, jina kwenye bango, jina kwenye leseni na jina utakaloliandika kwenye wasifu yanapaswa kufanana. Kwa Tanzania, hakikisha kwamba mabadiliko ya umiliki wa jina la biashara yameandikishwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na kwamba leseni ya halmashauri na namba ya mlipakodi ni zako. Kwa Kenya, kibali cha biashara cha kaunti na cheti cha usajili ndivyo vinavyolingana na hivyo. Anayerekodi video huku bango la zamani likiwa bado limening'inia mlangoni anajitafutia kukataliwa.

Nini cha kurekebisha, na kwa mpangilio gani

Ukishaupata wasifu usibadilishe kila kitu kwa siku moja. Mabadiliko mengi ya ghafla, hasa ya jina, anwani na aina ya biashara kwa pamoja, yanaweza kuufanya mfumo udai uthibitisho upya au kuusimamisha wasifu. Anza na yanayomuumiza mteja leo.

Namba ya simu ni ya kwanza, na iandikwe kwa mfumo wa kimataifa, yaani kuanzia +255 au +254, ili mgeni kutoka nje naye aweze kupiga. Tumia laini iliyosajiliwa kwa jina lako au la kampuni yako, wala si laini ya mfanyakazi. Baada ya hapo ondoa alama ya kufungwa kama ipo.

Saa za kazi zinahitaji uangalifu wa pekee kwa sisi tunaohesabu saa tangu kuchomoza kwa jua. Ramani hutumia saa za kimataifa. Mgahawa wa nyumba yako ukifunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa tatu usiku, andika 07:00 hadi 21:00. Aliyeandika 1:00 hadi 3:00 ameiambia dunia kwamba jikoni kwake kuna kazi usiku wa manane kwa saa mbili tu. Weka pia saa maalumu za sikukuu, kama vile Idi na Krismasi, na za mwezi wa Ramadhani iwapo ratiba yako hubadilika.

Mahali kwenye ramani pakaguliwe kwa mguu. Simama mlangoni, fungua ramani, na uangalie kama alama imekaa juu ya mlango unaotumiwa na wateja au kwenye uwanja wa jirani. Pale ambapo mtaa hauna namba inayojulikana, tumia Plus Code, ambayo ni msimbo wa herufi na tarakimu unaotokana na mahali penyewe kwenye uso wa dunia na unaoonekana bure ndani ya Ramani za Google. Msimbo huo unaweza kutumwa kwa ujumbe mfupi kwa dereva wa bodaboda, naye akafika bila kuelekezwa "kata kulia kwenye mwembe".

Jina lije baada ya hayo, na liwe lile lililo kwenye bango, bila nyongeza. Sehemu ya jina si mahali pa kuandika "bei nafuu", "karibu na stendi" wala "uongozi mpya". Habari za uongozi mpya zina nafasi yake kwenye maelezo ya biashara, ambayo yana ukomo wa herufi 750, na kwenye matangazo mafupi ya wasifu.

Picha, na hasa picha za namba za malipo

Watu hukagua simu na jina, wakasahau picha, na ni ndani ya picha ambamo fedha hupotea. Fungua kila picha ya wasifu, ikuze, na usome maandishi yaliyomo. Utakuta kaunta ya mapokezi ya zamani, na juu ya kaunta kibao cha Lipa Namba chenye tarakimu zinazosomeka vizuri. Mgeni anayelipia chumba akiwa bado njiani anaweza kuinakili namba hiyo kutoka kwenye picha, na fedha zikaenda kwa mtu ambaye hana tena uhusiano na nyumba. Nchini Kenya hali ni hiyohiyo kwa namba za till na paybill. Kagua pia picha za bei, za menyu na za mabango yenye simu za zamani.

Picha zilizopakiwa kupitia akaunti ya wamiliki unaweza kuzifuta mwenyewe. Zilizopakiwa na wateja huwezi kuzifuta, ila unaweza kuziripoti, na zile zisizokiuka kanuni zitabaki. Kwa hizo, dawa ni kupakia picha mpya nyingi na nzuri za mwonekano wa nje, mapokezi, vyumba na choo, ili za zamani zisukumwe nyuma, kisha kuandika kwenye maelezo kwamba malipo hufanywa kwa jina la biashara lililopo sasa na kwamba mgeni ahakikishe jina hilo limetokea kwenye simu yake kabla ya kuweka namba ya siri.

OpenStreetMap

Ramani hii ilianzishwa mwaka 2004 na hujengwa na watu wa kujitolea. Haina mmiliki wa wasifu, kwa hiyo hakuna wa kumwomba ruhusa. Yeyote mwenye akaunti anaweza kurekebisha, na wewe unayeijua biashara kwa macho yako ndiye mtu bora wa kufanya hivyo. Usiipuuze kwa kuwa hujawahi kuifungua: programu kama Organic Maps na OsmAnd, zinazopendwa na watalii kwa sababu hufanya kazi bila intaneti, huchukua taarifa zake hapo. Dar es Salaam yenyewe ilichorwa kwa kina na vijana wa mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 kwa ajili ya kukabiliana na mafuriko, na Kibera ya Nairobi ilianza kuchorwa 2009.

Fungua akaunti, tafuta alama ya biashara, bonyeza kuhariri, na ubadilishe jina, simu na saa za kazi. Jina la awali lihamishie kwenye sehemu ya jina la zamani ili anayelitafuta bado afike. Andika maelezo mafupi ya mabadiliko uliyoyafanya, kwa mfano kwamba nyumba imepata mmiliki mpya na kwamba umethibitisha ukiwa mahali penyewe. Biashara ikiwa imekufa kabisa, ondoa alama ya biashara lakini usifute jengo, maana jengo bado limesimama. Na usinakili chochote kutoka Ramani za Google kwenda huku, kwa sababu leseni hazikubaliani. Andika unachokijua mwenyewe.

Apple, Bing na kurasa nyingine

Wenye iPhone hutumia ramani za Apple, na kampuni hiyo ilifungua mwaka 2023 huduma ya bure kwa wenye biashara iliyoanza kwa jina la Apple Business Connect. Bing Places ya Microsoft huruhusu kuleta taarifa moja kwa moja kutoka kwenye wasifu wako wa Google, kwa hiyo iache hadi wa Google uwe umekamilika.

Kwenye Facebook, muuzaji akupe udhibiti kamili wa ukurasa kisha yeye aondolewe. Ikiwa nyumba iliorodheshwa kwenye tovuti za kuwekesha vyumba, kumbuka kwamba mkataba na akaunti ya kupokelea malipo vilikuwa vya mmiliki wa zamani. Wasiliana nao rasmi kuhusu mabadiliko ya umiliki, badala ya kubadilisha namba ya benki kimyakimya.

Ufuatiliaji

Mabadiliko mengine huonekana ndani ya dakika chache na mengine husubiri kukaguliwa kwa siku kadhaa. Yakague kwa simu ya mtu mwingine ambayo haijaingia kwenye akaunti yako, kwa sababu simu yako inaweza kukuonesha mabadiliko ambayo umma bado haujayaona. Tafuta kwa jina jipya, kwa jina la zamani, na kwa namba ya simu ya zamani, ili uone ni kurasa gani bado zinaitangaza.

Mtu yeyote anaweza kupendekeza mabadiliko kwenye Ramani za Google, na mteja mwenye nia njema anayekumbuka jina la zamani anaweza kulirudisha. Weka arifa za wasifu ziingie kwenye barua pepe unayoisoma kila siku, na kila mwanzo wa mwezi ufungue wasifu ukague jina, simu, saa na picha mpya.

Mwisho, zungumza na muuzaji kuhusu laini yake ya simu. Mwombe kwa kipindi mtakachokubaliana awe anawapa wapigaji namba yako mpya, au aweke uelekezaji wa simu kwenda kwako. Ikiwa laini hiyo ilitumika kwa biashara tu, ulizeni kwenye duka la mtandao husika kuhusu kuuhamishia usajili wake kwenye jina lako, nyote wawili mkiwapo na vitambulisho vyenu.